Unene wa Sarafu

Usiniletee cheni ya nne, Egesa.
Tatu umeshanunua tangu Pasaka,
na zote zimelia kilio kimoja,
kwaru, kwaru, kama mtu anayetafuna mchanga
asitake kusema kinachomkera.
Cheni haina kosa.
Cheni ni shahidi tu.

Ipindue. Kiti kwenye gunia, magurudumu juu.
Wandera, lete ule uzi wa nyavu,
shika ncha hiyo kwenye gia ya nyuma,
mimi nauvuta hadi ya mbele.
Umeona? Uzi umenyooka,
gia kubwa ndiyo imerudi ndani,
imejibanza kwenye uma
kama mgeni anayeogopa kuitwa mezani.
Si mbali. Unene wa sarafu ya shilingi kumi.
Lakini ongeza magunia mawili ya mahindi
na mteremko wa kwenda Mto Sio,
sarafu hiyo itakutoa cheni njiani
na kukuacha ukikanyaga hewa.

Jana nilianza na kota.
Kota za zamani hazitoki kwa matusi.
Zinataka mafuta ya taa, usiku mmoja,
na nyundo isiyo na hasira.
Kisha kikombe cha kulia,
kinachowatoa jasho vijana wote wa Nambale:
kulia hukazwa kwa kushoto.
Mimi mwenyewe nilivunja spana mbili
ndipo nikaamini,
na fundi wangu akazikata zote mbili
kwenye mshahara wa mwezi ule.

Dukani kuna vikombe vipya, vinang'aa.
Usivitamani.
Hesi za mamba huyu ni ishirini na sita kwa inchi,
za dukani ni ishirini na nne.
Vitaingia mzunguko wa kwanza, wa pili, vitakuchekea,
wa tatu vitaanza kula fremu,
na hapo usinitafute.

Gololi ni nzima. Kumi na moja huku, kumi na moja kule,
nimezihesabu kwenye kifuniko cha Blubendi.
Ekseli lakini si ya kwake,
imeazimwa kwa baiskeli nyingine,
fupi upande wa gia.
Babako alilijua hilo.
Inama. Tazama mdomo wa fremu:
rangi imelika, duara safi kabisa.
Hapa palikuwa na pete.

Na haya makovu ya patasi kwenye kikombe,
nimejiuliza tangu jana ni nani...

Mbona umenyamaza?

Wiki ya matanga, unasema.
Ulitaka isimame safi kando ya jeneza,
mzee aliyevusha watu mpakani miaka kumi na tisa,
asiagwe na baiskeli yenye matope.
Ukaifungua yote. Ukaiosha kwa sabuni ya vyombo.
Ukakuta pete ya chuma, mbaya mbaya,
ukingo umepinda, mikwaruzo ya tupa kila mahali.
Ukaitupa shimoni pamoja na maganda ya ndizi.

Ilikuwa nyeusi?
Na ilikuwa na kona moja iliyokataa kuwa duara?
Basi hilo lilikuwa jembe.
Alilikata jembe, akalisugua
mpaka likafikia kipimo ambacho hakuna duka
lililowahi kukiuza.

Sikulaumu. Hata mimi ningedhani ni takataka,
kama nisingekuwa na uzi huu.

Haya, toa hilo shati jeupe.
Nyuma ya banda kuna jembe lililokwisha.
Nitakuchorea duara, nitakutobolea tundu,
lakini tupa utaishika wewe.
Sukuma, usikwaruze ukirudi.
Kila ukichoka, lete nipime.
Usikimbilie kumaliza: ukipitisha kipimo,
chuma hakirudishwi.

Na ile cheni ya tatu usiitupe.
Bado ni nzuri.